Muda wa Kuchemsha Chai

Lukafu, tarehe 4 Agosti 2024

Yaya Gauthier,

Simu yako inaita mpaka inachoka. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Karatasi haina kitufe cha kukata.

Sisi wazima. Mama yenu anakohoa tangu baridi ya Juni, lakini bado anagombana na kuku, kwa hiyo najua hajafika mbali. Kiki ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Yule mtoto aliyezaliwa baada ya mazishi ana miezi mitano. Mjomba Katongo alitaka aitwe David kama baba yake. Nikakataa. Nilisema: mtu aliyeshika kamba ya mume wangu mpaka mwisho, jina lake ndilo litakaa ndani ya nyumba hii. Kwa hiyo kuna Gauthier hapa, mnene, analia kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Novemba mwaka unatimia tangu shimo la madini la Kambove limfunike David, mdogo wako. Tunataka kuondoa matanga. Desturi unaijua: aliyekuwa na marehemu ndiye anayeketi chini na kukieleza kifo mara ya mwisho, kisha mjane anavua nguo nyeusi. Hakuna mwingine wa kukieleza ila wewe. Na nisipovua, mvua ikija sitatupa mbegu, kwa sababu Mjomba Katongo haruhusu mjane wa matanga aguse mbegu. Mwaka jana mawifi walinipandia. Mwaka huu kila mtu ana shamba lake na tumbo lake.

Njoo, yaya. Barua hii anaileta Mutale, dereva wa lori la mahindi. Jibu umpe yeye.

Abigaïl, mama Kiki


Lubumbashi, tarehe 25 Agosti 2024

Mama Kiki,

Nimeisoma barua yako. Mahali pa jina la mtoto nimepasoma mara mbili. Asante.

Niko mtaa wa Karavia. Tunajenga nyumba ya ghorofa ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Nabeba matofali ya simenti tangu asubuhi, jioni nalala. Mashimo nimeyaacha. Nilifika darasa la sita tu, makosa ya mwandiko utayavumilia.

Nikuambie jambo kabla hujalisikia kwa Mutale. Mwezi wa saba tofali liliniangukia mguuni. Nikaendelea kubeba. Kapita wetu, mzee Adalbert anayesimamia kazi, aliona alama nyekundu kwenye sakafu mpya akazifuata mpaka kwangu. Akasema, "Weye Gauthier, buti yako imejaa damu. Hausikie?" Nikamjibu, "Nasikia sasa, wakati unaniambia." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Alinipeleka kwenye zahanati, wakanishona. Muuguzi akaniuliza mambo mengine: ninalala vipi, nani amekufa. Kisha akanipeleka chumba cha nyuma kwa mwanamke anaitwa Mama Lydie. Huyo si mtawa, wala si daktari wa sindano. Kazi yake ni kukaa na watu waliopatwa na mambo, wazungumze. Kila mtu ana dakika zake hamsini.

Nimekwenda mara nne. Sizungumzi. Karibu na mwisho ulimi unaanza kusogea, na hapo mwingine anabisha mlango, zamu yake imefika. Nasimama naondoka. Kila tukiagana ananiuliza nimekula nini. Nasema bukari ya unga wa mahindi na samaki. Anauliza ladha yake ilikuwaje. Nasema ilishibisha. Chakula chote ni kimoja kwangu sasa, kama kutafuna karatasi iliyoloa. Sioni kama ni ugonjwa. Ni hivyo tu.

Kuhusu Novemba sijui. Kazi hapa haina likizo.

Nimempa Mutale sukari. Salimia Mama.

Gauthier Mwila


Lukafu, tarehe 10 Septemba 2024

Yaya,

Sukari imefika. Nilikuuliza Novemba, ukanijibu mguu.

Mama yenu anashangaa kwamba mjini kuna mtu analipwa kusikiliza. Anasema yeye amewasikiliza wanaume wa nyumba hii miaka hamsini na hakuna aliyemletea hata chumvi. Lakini aliposikia habari ya damu aliinuka akaenda kukaa jikoni.

Sasa nami nina langu. Siku ya mazishi ulifika asubuhi na sanduku kwenye lori. Kabla ya mchana lori liliondoka, nawe ndani yake. Ulikieleza kifo ukiwa umesimama. Ulisema: nilikuwa nimeshika kamba, udongo ukashuka, nikavuta, kamba ikaja peke yake, hakuteseka. Ukanyamaza. Dereva alikuwa anapiga honi. Chai niliyokubandikia haikuwa imechemka.

Watu walisema ni uchungu. Mimi pia nilisema ni uchungu. Lakini kifo cha babu yenu kilielezwa tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi. David mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Kwenu anayeeleza kifo haketi kwenye kiti, hakatizwi, na hakuna anayeondoka mkekani mpaka yeye mwenyewe aseme amemaliza. Akinyamaza, watu wananyamaza naye. Kifo cha mume wangu wewe umekieleza kwa muda wa kuchemsha chai. Mwaka mzima nakaa kama mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya kula.

Na kuna swali la Kiki ambalo sina jibu lake. Aliona miguu wakati wanamfunga sanda. Anauliza kwa nini baba alirudi bila viatu.

Abigaïl


Lubumbashi, tarehe 29 Septemba 2024

Mama Kiki,

Barua yako nilikuwa nayo mfukoni nilipokwenda kwa Mama Lydie. Dakika zilikuwa zinakwisha na sikuwa na neno, nikamsomea pale uliposema habari ya babu. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Akauliza, "Sasa babu yako balimueleza kwa wakati gani?"

Nikasema, "Asubuhi mpaka mbuzi kurudi."

Akasema, "Na miye ninakupatia dakika makumi tano."

Mtu akabisha mlango. Mama Lydie akafungua, akamwomba angoje, akachukua daftari lake. Tangu siku ile naenda Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, na baada yangu hajaandika mtu. Aliniambia, "Ukimaliza mbele ya saa sita, tutakaa tu. Hakuna mwenye kugonga." Saa ya ukutani ameigeuza ikatazama ukuta.

Niliogopa Kapita atakataa kuniachia Jumamosi asubuhi. Alisema, "Enda. Muntu mwenye hasikie muguu yake ataniangushia ukuta."

Jumamosi ya kwanza sikusema kitu kwa muda mrefu sana. Yeye aliketi, mikono magotini. Kisha nikamweleza namna ya kuchanganya simenti na mchanga, mabeleshi mangapi kwa mangapi. Akasikiliza kama ninasoma Injili. Nikatoka nikazunguka uani, nikarudi, nikanywa maji. Jumamosi ya pili nilimweleza juu ya Kambove, jinsi shimo linavyochimbwa, jinsi mtu anavyoshuka na tochi kichwani. Nilimwambia mtu hawezi kufika chini kwa haraka, na kupanda ni vivyo hivyo. Ukimvuta haraka anagonga kichwa. Akasema basi nasi tufanye vile: saa ya kwanza tushuke, ya pili tukae chini, ya tatu tupande. Nusu saa ya mwisho haniulizi kitu cha chini. Tunaongea kuhusu mvua, kuhusu binti yake anayefeli hesabu. Kisha lile swali lake la chakula.

Mambo haya hayajabadilisha kitu. Ninakwenda kwa sababu nimesema nitakwenda.

Kuhusu viatu, mwambie Kiki kwamba David alishuka na kambambili za mpira. Wachimbaji wengi hushuka hivyo.

Novemba bado sijui.

Gauthier


Lukafu, tarehe 14 Oktoba 2024

Yaya Gauthier,

Tarehe imewekwa, Jumamosi ya 23 Novemba. Mizizi ya munkoyo, kinywaji cha matanga, imeshachimbwa, mahindi ya kuupika tumetenga. Watu wa Mjomba Katongo wameambiwa. Mawingu yameanza kukaa upande wa mlima.

Jibu lako la kambambili nimelisoma kwa sauti. Kiki akaenda kucheza. Mimi nikabaki nalo.

David alinipigia simu mwezi wa tisa mwaka jana akiwa amefurahi kama mtoto. Akasema, "Mama Kiki, miye na yaya tumeuza buti moja muzuri, buti ya kweli. Mwenye kushuka njo anavaa. Mwenye kubaki juu anavaa kambambili." Alicheka kwa sababu miguu yenu ni sawa. Unajua huku kwetu tunasema kuuza hata pale mtu aliponunua, kwa hiyo nilimuuliza kama mmeuza au mmenunua, akanitukana kwa upendo.

Anayeshuka ndiye anayevaa. Na mguuni mwako Karavia, tofali liliangukia buti.

Siku ile nani alikuwa nazo?

Abigaïl


Lubumbashi, tarehe 28 Oktoba 2024

Mama Kiki,

Mimi nilikuwa nazo.

Nitaandika kama nilivyosema kwa Mama Lydie Jumamosi iliyopita, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu nikiubadilisha nitaanza tena kuficha.

Asubuhi ile nilishuka mimi kwanza. Nikapanda, ikawa zamu ya David. Nilikuwa mwepesi wa hasira siku zile, sijui kwa nini. Wakati nafungua kamba za buti, David akawaambia wenzetu, "Angalieni yaya yangu anavyovuta kamba. Anavuta sawa bibi arusi." Watu wakacheka. Ni utani tu, hata mimi nilikuwa namtania. Nikazifunga tena zile kamba za buti. Nikamwambia, "Bibi arusi haazime kiatu. Shuka na kambambili." Alifikiri natania. Alishuka akicheka.

Sheria ya mashimo unaijua, David alikueleza. Mshika kamba haondoki kwenye mdomo wa shimo. Hali chakula mpaka aliye chini apande, hata njaa ikimuuma, hata siku nzima. Mimi niliifunga kamba kwenye gogo nikaenda kula. Mama mwenye bukari alikuwa hatua mia mbili. Sikuwa na njaa sana. Nilikwenda ili David avute kamba, asipate jibu, aogope kidogo. Nilikula polepole kwa makusudi. Niliomba aniongezee mboga.

Nilisikia udongo unashuka. Ni sauti kama gunia linapotupwa kutoka kwenye lori. Nilikimbia. Nilipofika kwenye shimo nilikuwa bado ninatafuna.

Kwa hiyo sikuwa nimeshika kamba. Hiyo ni saa ya kwanza na ya pili kwa Mama Lydie, buti na sahani. Nikanyamaza, nikadhani nimemaliza. Zamani za dakika hamsini mtu angebisha mlango, ningesimama na lile lingine likabaki ndani, na labda ningesema kwa watu kwamba nimepona. Hakuna aliyebisha. Nilingoja abishe. Kulikuwa na mtu anafagia nje, akamaliza kufagia.

Lingine ni hili. Nilikuambia hakuteseka. David alikuwa anagonga. Mtarimbo juu ya jiwe, mara tatu, anapumzika, mara tatu. Sote tulisikia. Tulichimba kwa mabeleshi na kwa mikono, watu kumi na zaidi, na udongo ulikuwa unarudi. Aligonga mchana ule wote. Alikuwa bado anagonga kesho yake asubuhi. Kisha ikawa mara mbili. Kisha moja, na kimya kirefu, na moja. Karibu na mchana ikakoma.

Ilipokoma, nilipumua. Wengine walipiga kelele. Mimi niliweka beleshi chini nikawaza: sasa ninaweza kukaa. Nilifurahi kidogo kwamba imekoma, Mama Kiki. Kidogo, kama mtu anayetua mzigo. Tangu pumzi ile sijasikia kitu kingine. Wala kwenye mazishi, wala tofali lilipoanguka, wala niliposoma kwamba umempa mtoto jina langu.

Sikulia nilipomweleza. Mama Lydie pia hakulia. Alinimiminia maji. Muda uliobaki tuliketi, akaniuliza kama Lukafu kuna uyoga mwezi huu.

Siandiki ili unisamehe. Jina langu unaweza kumvua mtoto.

Gauthier


Lukafu, tarehe 8 Novemba 2024

Gauthier,

Barua yako niliisomea shambani, peke yangu. Siku tatu nilipika bila kuongea. Mama yenu akaniuliza, "Abigaïl, nani amekufa?" Nikamwambia, David.

Hakuteseka. Neno hilo nilililalia mwaka mzima. Ndilo nililomwambia Kiki. Ndilo nililomwambia huyu mwingine akiwa bado tumboni. Umelichukua, na hukuniletea kingine cha kulalia.

Mtoto sasa namwita Mtoto. Watu wanauliza, nasema jina lake linafuliwa, litarudi likikauka. Hawaelewi. Hata mimi sielewi.

Usiniandikie tena jambo hili. Karatasi inasomwa na mtu mmoja, kisha mtu huyo anakaa nayo kifuani kama jiwe la kusagia. Mama aliyemzaa hajui. Mjomba Katongo hajui. Hicho si kifo changu peke yangu.

Njoo tarehe 23. Keti chini. Mwambie Mutale asikungoje wala asipige honi. Ulete na buti.

Sijui nitakufanya nini ukishamaliza. Usije ukidhani najua.

Abigaïl


Lukafu, tarehe 26 Novemba 2024

Kwa Mama Lydie,

Mutale anarudi leo na lori, mimi nabaki kidogo. Nampa barua hii akuletee zahanati, kwa sababu Jumamosi iliyopita uliketi saa tatu nzima peke yako, na Jumamosi hii labda pia. Utaniwia radhi. Kama kuna mtu mwingine wa muda mrefu, mpe nafasi.

Nilifika Ijumaa. Njia ilikuwa matope, tulisukuma lori mara mbili. Mama yangu alinishika uso kwa mikono miwili akasema nimekonda, akaenda kuwatukana kuku.

Jumamosi asubuhi walitandika mikeka uani. Abigaïl aliketi mbele yangu na nguo zake nyeusi, mtoto mgongoni. Nilikaa chini. Nilianza na utani wa bibi arusi kama nilivyoanza kwako. Nilipofika kwenye sahani, nikanyamaza. Mjomba Katongo akauliza, "Umemaliza?" Nikasema, "Bado." Tukakaa. Mvua ikaanza, ndogo ndogo. Hakuna aliyeinuka. Mtu mmoja tu alivuta turubai juu ya Mama. Nikaendelea. Mjomba akauliza tena, "Umemaliza?" Nikasema, "Bado," nikaeleza kugonga. Mama alilala ubavu kwenye mkeka, akajifunika uso na kitambaa. Dada yangu mmoja aliniita jina ambalo sitaliandika. Hakuruhusiwa kunikatiza, lakini alilisema, na mimi nikangoja amalize. Mara ya tatu Mjomba alipouliza, nilieleza ile pumzi. Hiyo nilidhani sitaiweza. Nikasema nimemaliza. Mbuzi walikuwa wamesharudi, wamesimama kwenye mvua wakitutazama.

Mjomba Katongo hakusema neno la hukumu. Alisema, "Kifo kimeelezwa." Kisha wanawake wakamwingiza Abigaïl ndani, na alipotoka alikuwa na kitenge cha kijani. Sikuweza kumtambua mara moja. Munkoyo ukagawiwa. Watu walikunywa wakinipa mgongo.

Sikulia, Mama Lydie. Nakuambia kwa sababu utauliza. Nilikuwa kama nilivyo siku zote, labda nimechoka zaidi.

Buti niliziweka kwenye kizingiti. Kiki alizivaa, zikamfika magotini, akatembea nazo uani bila kuinua miguu, akizikokota. Akaniuliza, "Baba mukubwa, unazirudisha Lubumbashi?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi miguu yako itakuwa namna gani?" Nikasema nina kambambili.

Mtoto sikupewa nimshike. Jina lake hakuna aliyelitaja siku hiyo, langu wala la baba yake. Jumapili Abigaïl alikwenda shambani na mbegu. Nilimfuata kwa mbali na jembe, nikaanza mstari wa upande mwingine. Hakunifukuza. Hakunisemesha. Tulipanda mpaka mchana tukikutana katikati na kuachana.

Ila kuna hili la Jumamosi, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Desturi ni kwamba aliyeeleza kifo anapewa chakula na mjane mwenyewe, kabla ya watu wote, nao wanamtazama akila. Abigaïl alikuja na sahani. Bukari, na majani ya muhogo. Akaiweka chini mbele yangu, akabaki amesimama. Nilitazama sahani ile kwa muda mrefu. Kisha nikanawa, nikamega, nikatia kinywani.

Mboga zilikuwa na chumvi nyingi mno, Mama Lydie. Zilikuwa haziliki. Nilikula zote.

Gauthier Mwila